Maria Montessori, munganga aliyefundisha walezi wa watoto wadogo



Mara nyingi tunasikia neno hili kati yetu: mutu asiyeweza masomo makubwa aende kufundisha watoto wadogo. Wanasema kazi ile ni kuchunga tu, kufuta makamasi na kuimba. Na mutoto mwenye kilema cha akili, huyo hapana mutu anayemutafutia mwalimu. Anakaa nyumbani nyuma ya mulango. Sisi hatukubali maneno hayo. Ndiyo sababu tumechagua kusimulia maisha ya mwanamuke mumoja wa Italia. Alikuwa na diploma ya unganga, na elimu yake yote aliitumia kwa watoto ambao watu walikuwa wamewakatia tamaa.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika muji mudogo wa Chiaravalle. Wakati ule musichana aliyesoma alitazamiwa kuwa mwalimu, na baba yake alipenda afuate njia ile. Yeye alikataa, akaingia kusoma unganga katika chuo kikuu cha Roma, kati ya vijana wanaume. Watu waliona si vizuri musichana apasue maiti pamoja nao. Basi kazi ile aliifanya peke yake, wengine wakiisha kwenda. Mwaka 1896 alipata diploma, akawa mumoja wa wanawake wa kwanza wa Italia kuwa wanganga.

Kazi yake ilimupeleka katika nyumba za wagonjwa wa akili za muji wa Roma. Huko alikuta watoto waliofungiwa ndani. Inasimuliwa kwamba mulinzi wao aliwadharau sana, kwa sababu kila mara chakula kikiisha walijitupa chini kutafuta vipande vidogo vya mukate. Mulinzi aliona ulafi. Maria alitazama chumba kizima, akaona hakuna kitu hata kimoja cha kushika wala cha kuchezea. Akafahamu kwamba mikono yao na akili yao ndiyo ilikuwa na njaa.

Tusimame hapa kidogo. Mulinzi na munganga waliwaona watoto wale wale, katika chumba kile kile. Labda mulinzi hakuwa mutu mubaya. Hapana mutu aliyemufundisha kutazama. Kazi yote ya Maria iliyofuata inatoka katika neno hili.

Kwanza yeye mwenyewe alirudi kuwa mwanafunzi. Alitafuta vitabu vya wanganga wawili Wafaransa waliomutangulia, Itard na Séguin. Itard alikuwa amemufundisha kijana aliyeokotwa porini, na Séguin alitengeneza vyombo vya kufundishia watoto wenye kilema cha akili. Maria aliviandika vitabu vile kwa Kiitalia kwa mukono wake mwenyewe, ili kila neno limuingie vizuri. Mwaka 1898, katika mukutano wa walimu kule Torino, alisema mbele ya wote kwamba watoto hawa wanahitaji mwalimu kuliko wanavyohitaji dawa.

Lakini mwalimu yule atoke wapi? Mwaka 1900 masomo ya pekee yalifunguliwa Roma, yaliyoitwa Ortofrenika, na Maria akawa mumoja wa waongozi wawili. Walimu 64 waliingia katika darasa la kwanza. Walijifunza namna mwili na mishipa ya fahamu inavyofanya kazi, sababu za vilema vya akili, na njia za pekee za kufundisha. Tena palikuwa na darasa la watoto pale pale, ili walimu wasijifunze katika vitabu tu. Kisha muda, watoto wengine kati ya wale walijua kusoma na kuandika, wakashinda egzameni pamoja na watoto wazima. Watu walishangaa. Maria alishangaa kwa sababu nyingine: ikiwa hawa wamefika hapa, basi watoto wazima wanazuizwa na nini?

Hatutaficha upande wa huzuni. Tarehe 31 Machi 1898 Maria alizaa mutoto mwanaume, Mario. Baba wa mutoto alikuwa munganga mwenzake Giuseppe Montesano, ambaye waliongoza pamoja masomo yale. Hawakuoana. Siku zile mwanamuke aliyezaa bila ndoa aliweza kupoteza kazi na jina lake, na mutoto alipelekwa kijijini kulelewa na watu wengine. Mwaka 1901 Maria aliacha Ortofrenika. Alihangaikia watoto wa wengine muchana na usiku, na wa kwake alikuwa akimutembelea tu. Mario alikuwa kijana wa miaka 15 hivi alipokuja kukaa naye. Tangu siku ile alikuwa musaidizi wake mpaka kifo.

Tarehe 6 Januari 1907 Maria alifungua nyumba ya watoto katika kartie ya maskini ya San Lorenzo, pale Roma. Wazazi walikwenda kazini, na watoto kama 50 ao 60, ambao bado hawajafikia umri wa kuingia masomo, walibaki wakichafua kuta za nyumba. Wenye nyumba walitaka mutu wa kuwachunga tu. Maria alileta meza ndogo zilizofaa urefu wao, na vyombo vilivyotoka katika kazi yake ya kwanza kwa watoto wenye kilema: vipande vya mbao vya kupanga, na herufi zenye kukwaruza ambazo mutoto anazifuata kwa kidole mbele ya kuandika. Mulezi aliambiwa aonyeshe, kisha aache mutoto atende mwenyewe, naye atazame.

Kutazama bila kuingilia ni kazi ngumu, haiji yenyewe. Kwa hiyo mwaka 1909, katika muji wa Città di Castello, Maria alifanya masomo ya kwanza ya walimu wa njia yake, na watu kama 100 walihuzuria. Mwaka 1913 wengine walitoka inchi nyingi kuja Roma. Wako watu waliomulaumu kwamba alitaka kushika yeye mwenyewe mafundisho yote ya walimu. Pengine ni kweli. Lakini aliogopa vyombo vyake visiangukie katika mikono isiyofundishwa.

Serikali ya Mussolini ilifunga masomo yake. Mwaka 1939 alikwenda Uhindi, na vita ikamushika kule. Akiwa na miaka 70 alifundisha walimu zaidi ya elfu moja, na alijifunza sana habari za mutoto tangu siku anapozaliwa. Mwaka 1947, mwanafunzi wake Adele Costa Gnocchi alifungua pale Roma masomo ya walezi wa watoto wachanga, tangu kuzaliwa mpaka miaka 3. Maria alikufa Uholanzi tarehe 6 Mei 1952.

Wanafunzi wenzetu, wengi wetu tumebeba wadogo zetu mugongoni, na tunafikiri tunajua kulea. Upendo tunao, nao ni mwanzo muzuri. Lakini maisha ya munganga huyu yanaonyesha kwamba mutoto akiwa mudogo zaidi, ao akiwa na kilema, mulezi wake anahitaji elimu kubwa zaidi. Ninyi wa seksio ya pedagojia, musikubali kuchekwa. Na sisi sote, tukikutana na mutoto ambaye watu wanasema hawezi kitu, tukae naye kwanza, tutazame mikono yake inatafuta nini.