Georg Ohm, mtoto wa fundi kufuli ambaye jina lake limo kwenye kila multimita

Feni ya hita ikifa kwenye gari la zamani, fundi umeme huchomoa soketi chini ya dashibodi, hutoa multimita yake na kuzungusha kitufe hadi kwenye alama ya Ω. Alama hiyo ni herufi ya Kigiriki, omega, na husomwa ohm. Ohm ni jina la mtu. Alikuwa mwalimu wa shule nchini Ujerumani, na kazi iliyompa jina hilo ilimgharimu ajira.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen. Baba yake, Johann Wolfgang, alikuwa fundi wa kufuli. Hakusoma sana shuleni, lakini alijielimisha mwenyewe kwa vitabu mpaka akaweza kuwafundisha wanawe hisabati na sayansi nyumbani. Mama yao alifariki Georg akiwa na miaka 10. Kati ya watoto saba waliozaliwa, watatu tu ndio waliokua: Georg, mdogo wake Martin ambaye naye alikuja kuwa mwanahisabati, na dada yao mmoja.

Mwaka 1805 Georg aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Huko alinogewa na dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu kuliko vitabu. Baba alikasirika, maana yeye nafasi ile hakuipata ujanani, akamwondoa chuoni. Mwaka 1806 kijana akaenda Uswisi kufundisha hisabati. Alirudi Erlangen na mwaka 1811 akapata shahada ya udaktari. Ualimu wa chuo ulikuwa na ujira mdogo mno, akahamia shule za kawaida. Mwaka 1817 alipata kazi Cologne, kwenye shule iliyokuwa na maabara nzuri ya fizikia, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Wakati huo watu walijua kuzalisha umeme kwa betri, lakini hakuna aliyeweza kueleza vizuri kwa nini waya mmoja hupitisha umeme mwingi na mwingine kidogo. Ohm alichukua nyaya za urefu tofauti akaanza kupima. Tatizo lake lilikuwa betri za siku zile, zilizokuwa zikipanda na kushuka nguvu ovyo. Alishauriwa aachane nazo. Akaunganisha shaba na madini ya bismuthi, kiungo kimoja akakitia joto la maji yanayochemka na kingine akakiweka kwenye barafu. Tofauti ile ya joto huzaa umeme mdogo sana, ila uliotulia. Mkondo wake aliupima kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa.

Alichokipata ni rahisi kukieleza: chukua volti, gawanya kwa ukinzani, utapata mkondo. Betri ya gari ya volti 12 ikikutana na ukinzani wa ohm 1, mkondo ni ampea 12. Ukinzani ukiwa ohm 2, mkondo unashuka hadi ampea 6. Ni kama bomba la maji: bomba likiwa jembamba zaidi, maji hupungua ingawa tangi ni lile lile.

Sasa turudi kwenye feni yetu. Wasikilizaji wa nyanda za baridi kama Njombe au Limuru wanajua kwamba bila feni ya hita, kioo cha mbele hujaa ukungu asubuhi na dereva haoni barabara. Kwenye magari mengi ya zamani, spidi za chini za feni hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye rizista, yaani nyaya zilizosokotwa zinazoongeza ukinzani. Spidi ya juu kabisa hairuki kupitia huko, inakwenda moja kwa moja kwenye mota. Kwa hiyo feni ikifanya kazi spidi ya mwisho tu, mota ni nzima na fyuzi ni nzima. Mtuhumiwa wa kwanza ni rizista. Ichomoe uipime. Ikionyesha ohm chache, inapitisha. Multimita ikikaa kana kwamba ncha zake hazijagusa kitu, waya wa ndani umekatika.

Feni ikiwa kimya spidi zote, anza na fyuzi. Ikiwa nzima, angalia kama umeme unafika kwenye soketi ya mota. Unafika na feni haizunguki? Gonga mota taratibu. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake zimelika. Mota yenyewe mara nyingi hushikwa na skrubu chache upande wa abiria, chini ya droo ya dashibodi, na kuitoa si kazi kubwa. Chomoa kwanza waya wa hasi wa betri.

Kuna kosa moja linalotusikitisha. Mota iliyochoka huzunguka kwa uzito na kuvuta ampea nyingi. Mtu anabadilisha rizista peke yake, baada ya wiki chache mpya nayo inaungua. Mwingine anaona fyuzi inakatika, anaweka kipande cha waya wa shaba mahali pake. Hapo hesabu ya Ohm inageuka hatari: soketi iliyoshika kutu ikiwa na ukinzani wa ohm 0.1 tu, na ampea 15 zikapita, inazaa joto la zaidi ya wati 22 mahali padogo kama kidole. Plastiki inayeyuka, na gari linaweza kuwaka.

Ohm alichapisha kitabu chake Berlin mwaka 1827, akiwa na miaka 38 na tumaini kwamba kingempatia kiti cha chuo kikuu. Hakikumpatia. Wasomi wengi wa Ujerumani hawakupenda fizikia iliyojaa hisabati namna ile, na wengine walikibeza kabisa. Kwa uchungu alijiuzulu kazi ya Cologne, akaishi miaka kadhaa Berlin kwa vipindi vya kufundisha hapa na pale. Mwaka 1833 ndipo alipopata nafasi ya kudumu katika chuo cha ufundi cha Nuremberg. Tunaona inafaa kusema kwamba mtoto wa fundi aliokolewa na chuo cha mafundi.

Sifa zilitoka nje kabla ya kutoka nyumbani. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley, heshima yake kubwa kuliko zote. Uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich, aliokuwa akiutamani tangu ujana, aliupata mwaka 1852 akiwa na miaka 63. Aliufaidi miaka miwili. Hakuwahi kuoa. Alifariki Munich tarehe 6 Julai 1854, na akazikwa huko huko.

Mwaka 1881 wataalamu wa umeme kutoka nchi mbalimbali walikutana Paris kukubaliana juu ya vipimo vya kutumika duniani kote. Kipimo cha ukinzani wakakiita ohm.