Red Grange: mbio zilizomfikisha kwenye baraza la chuo kikuu

Mwezi wa Novemba 1950 watu wa jimbo la Illinois, kule Marekani, walienda kupiga kura. Kulikuwa uchaguzi wa seneta, uchaguzi wa wabunge, na tena uchaguzi mwingine ambao kwetu haupo: kuchagua wajumbe wa baraza linaloongoza Chuo Kikuu cha Illinois. Kwenye orodha ya chama cha Republican kulikuwa jina la Harold Grange. Kwa jina la Harold wachache ndio walimfahamu. Wote walimwita Red, yaani Mwekundu, juu ya nywele zake, na wote walijua miguu yake ilifanya nini miaka 26 nyuma.

Mtu wa Bunia anaweza kushangaa. Hapa, komite mpya ya uongozi ikiwekwa pale UNIBU, majina yanatoka Kinshasa, na wanafunzi wanayasikia kwa radio sawasawa na watu wengine. Mama anayeuza samaki wa Kasenyi sokoni haulizwi kitu, mkulima wa Djugu pia haulizwi. Illinois ilikuwa kinyume. Tangu sheria ya mwaka wa 1887, raia wote wa jimbo, awe fundi, mchungaji wa ng'ombe au mwalimu, ndio walichagua wajumbe wa baraza kwa kura, kwa muda wa miaka 6. Wajumbe 9 wa kuchaguliwa. Na ni baraza hilo lililomweka rais wa chuo, yule ambaye hapa watu wanamwita rekteri, na lilikuwa na nguvu ya kumwondoa.

Basi, huyo Grange alitoka wapi?

Alizaliwa tarehe 13 Juni 1903 Forksville, kijiji kidogo cha Pennsylvania, sehemu ya misitu. Baba yake, Lyle, alikuwa msimamizi wa wakata miti. Mama alikufa wakati mtoto ana miaka 5. Baba akawachukua watoto, akahamia Wheaton, mji ulio karibu na Chicago, na baadaye akawa mkubwa wa polisi wa mji ule. Feza haikuwa nyingi. Kila wakati wa joto kijana alibeba barafu. Wakati ule nyumba hazikuwa na friji. Mtu alinunua bonge la barafu, likaletwa mpaka jikoni, na aliyelileta ni kijana kama Red, akilipandisha ngazi kwa bega, siku nzima, wiki nzima. Mara moja alianguka wakati wa kurukia gari la barafu, na gurudumu likapita juu ya mguu wake. Ilibaki kidogo tu mguu ukatwe. Ulipona, na akarudi kubeba barafu.

Mwaka wa 1922 aliingia Chuo Kikuu cha Illinois. Mchezo wake ni ule mpira wa Wamarekani, wenye umbo kama la yai, unaobebwa kwa mikono, na wapinzani wanaruhusiwa kukukamata na kukuangusha chini. Unatafuta kuvuka mstari wa mwisho wa upande wa adui na mpira mkononi. Grange alivaa namba 77.

Siku ambayo haikusahaulika ni tarehe 18 Oktoba 1924. Chuo kilikuwa kinazindua uwanja mpya, Memorial Stadium, uliojengwa kwa kumbukumbu ya watu wa Illinois waliokufa katika vita ya kwanza ya dunia. Watu zaidi ya 60,000 walikuwa wamekaa. Mgeni alikuwa Michigan, timu ambayo haikuwa imeshindwa tangu mwaka wa 1921. Michigan wakapiga mpira wa kwanza. Grange akaudaka karibu na mstari wake mwenyewe, akakimbia mita 87, akavuka. Watu wengine walikuwa bado wanatafuta viti. Kisha akakimbia mita 61, akavuka. Tena mita 51. Tena mita 40. Mara nne, na dakika 12 hazijaisha. Kocha Bob Zuppke akamtoa apumzike. Baadaye alirudi, akavuka mara ya tano, na mara ya sita akatupa mpira kwa mwenzake naye akavuka. Illinois 39, Michigan 14. Waandishi wa habari wakamwita mzuka anayekimbia, juu watu walimshika wakajikuta wameshika hewa.

Kuna jambo la pembeni hapa, na litarudi mbele. Chuoni kulikuwa profesa wa saikolojia, Coleman Griffith, mmoja wa watu wa kwanza Marekani kuchunguza akili ya mchezaji inafanya kazi namna gani. Baada ya mchezo ule alizungumza na Grange, akamwomba aeleze alivyowapita wale watu. Grange hakuweza. Zile mbio hakuzikumbuka hata kipande kimoja. Griffith akaona ni ushahidi mzuri: mchezaji mkubwa hafikirii kila hatua, mwili wenyewe umejifunza. Mwaka uliofuata akafungua maabara ya mambo ya michezo pale pale chuoni.

Mwezi wa Novemba 1925, Grange alicheza mchezo wake wa mwisho wa chuo, na kesho yake akatia saini na Chicago Bears, timu ya kulipwa. Alikuwa na mtu wa kumtafutia mikataba, C. C. Pyle, mwenye nyumba ya sinema. Diploma hakumaliza. Leo mtu atasema ni kawaida, lakini wakati ule ilileta kelele. Mpira wa kulipwa ulionekana kama kazi ya wahuni, na kijana wa chuo kuuza miguu yake ni aibu. Zuppke alikasirika sana. Hata wenye ligi wenyewe waliona mambo yamezidi, na mwaka wa 1926 waliweka sheria kwamba timu isimchukue mwanafunzi kabla wenzake wa darasa hawajamaliza masomo. Lakini watu walijaa. Bears walimzungusha nchi nzima, mchezo baada ya mchezo, na New York peke yake walikuja karibu 70,000. Ligi ile, ambayo leo ni utajiri usiohesabika, ilipata watazamaji juu yake.

Goti lake liliharibika mwaka wa 1927. Mwaka wa 1928 hakucheza kabisa. Aliporudi, yule mzuka hakuwepo tena. Alikuwa mchezaji mzuri tu, hodari wa kuzuia. Mwaka wa 1933, mchezo wa mwisho wa ubingwa, yeye ndiye aliyemkamata adui kwenye nafasi ya mwisho kabisa, na Bears wakashinda 23 kwa 21. Aliacha kucheza baada ya msimu wa 1934. Kisha kazi ya bima, kazi ya kutangaza michezo kwa radio na baadaye televisheni. Mwaka wa 1941 alioa.

Hivyo alipoweka jina kwa uchaguzi wa 1950 alikuwa na miaka 47, mtu wa bima na wa maikrofoni, aliyetoka chuo bila diploma, na sasa anaomba kukiongoza chuo kile kile. Republican walipata ushindi mkubwa Illinois mwaka ule, hata kiti cha seneta walikichukua. Grange akapita. Haikuwa miguu peke yake, wala haikuwa chama peke yake. Lakini kati ya majina ya baraza ambayo mpiga kura wa kawaida hayajui, jina moja alilijua tangu utoto.

Chuo alichokikuta kilikuwa na moto ndani. Rais wake, George Stoddard, alikuwa msomi mwenye sauti kali, aliyependa pia mambo ya kimataifa, na alishughulika na kazi za UNESCO. Wanasiasa wa jimbo wengi hawakumpenda. Walisema anasafiri sana, anatumia feza nyingi, hasikii watu. Na katikati ya ugomvi huo ikaingia dawa.

Tarehe 26 Machi 1951, katika hoteli moja ya Chicago, daktari Andrew Ivy alitangaza dawa mpya ya kansa, Krebiozen. Ivy hakuwa mganga wa kichochoro. Alikuwa makamu wa rais wa chuo kwa upande wa tiba, na mtu wa heshima kubwa katika sayansi. Dawa ililetwa na daktari wa Yugoslavia, Stevan Durovic, aliyetokea Argentina, akisema ameitoa katika damu ya farasi. Imetengenezwa vipi? Hakutaka kueleza sawasawa. Wagonjwa wakakimbilia. Mwaka ule ule chama cha madaktari wa Marekani kilitoa ripoti ya wagonjwa 100 waliopewa dawa ile, na karibu wote haikuwasaidia kitu. Stoddard aliunda komite ya wachunguzi. Nayo haikuona uthibitisho kwamba inaponyesha. Stoddard akafunga utafiti wa Krebiozen ndani ya chuo, na Ivy akapoteza umakamu wake.

Watu wa Ituri wanaelewa hali kama hiyo vizuri. Wakati wa Ebola, kuanzia 2018, dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa wa mashariki ya Congo, kila mgonjwa akipewa moja kwa bahati nasibu, matokeo yakahesabiwa, na ni mbili zilizoonekana zinaokoa watu zaidi. Kazi ya namna hiyo ni ya polepole, na mwenye mgonjwa nyumbani hana wakati wa polepole. Illinois ilikuwa vile vile. Familia za wagonjwa zilimwona Stoddard kama mtu anayewafungia mlango. Wabunge wa jimbo waliwasikia, wakaanza kumchunguza.

Usiku wa tarehe 24 Julai 1953 baraza lilikutana. Saa zilikuwa zimeenda sana. Aliyesimama kutoa pendekezo kwamba baraza halina tena imani na rais wa chuo alikuwa Red Grange. Wajumbe 6 wakakubali, 3 wakakataa. Stoddard akajiuzulu pale pale.

Na si yeye peke yake. Profesa Griffith, yule wa saikolojia, alikuwa amepanda mpaka kuwa msaidizi mkuu wa rais katika mambo ya masomo. Naye aliondoka kwenye kiti hicho. Mtu aliyetafuta kujua siri ya mbio za mwaka wa 1924 alianguka katika kura iliyoletwa na mkimbiaji mwenyewe.

Ni lazima kusema haki. Grange hakuwa peke yake. Wengine watano walipiga kura naye, na sababu zao zilikuwa nyingi, si Krebiozen tu. Baraza kumwondoa rais ni haki yake, ndiyo maana watu walilichagua. Pia Stoddard hakuwa malaika, alijua kutengeneza maadui. Lakini swali linabaki: kwa nini pendekezo zito namna ile lisomwe na mtu ambaye hakuwahi kuishi maisha ya usomi? Pengine sababu ni nyepesi. Katika Illinois ya wakati ule ilikuwa vigumu kupata mdomo mwingine ambao raia wangeuzomea kidogo kuliko wake. Jina lililoshinda uchaguzi lilitumika kama ngao. Yeye mwenyewe aliamini anafanya sawa, na hakuna alama kwamba alilipwa au alidanganywa.

Stoddard alikwenda New York, akafanya kazi katika chuo kikuu kule, na mwaka wa 1955 akatoa kitabu kuhusu Krebiozen. Mwaka huo huo Grange akatoka kwenye baraza. Moyo ulikuwa umeshamsumbua tangu 1951. Baadaye yeye na mke wake waliishi Florida, kando ya ziwa, mbali na siasa.

Krebiozen iliendelea kuuzwa kwa miaka. Mwaka wa 1963 wakemia wa serikali walipima unga wake wakakuta ni kreatini, kitu ambacho kila mtu anacho ndani ya misuli yake na ambacho hakiponyeshi kansa. Ivy na Durovic walishitakiwa mwaka wa 1964, na mwaka wa 1966 wakaachiliwa na mahakama. Wagonjwa waliokuwa wamelipa, na kuacha matibabu mengine kwa kuitegemea, hawakuwa na mahakama ya kuwarudishia muda.

Mwaka huo wa 1963 pia, Grange aliwekwa katika kundi la kwanza la wachezaji wa kukumbukwa wa mpira wa kulipwa. Alifariki tarehe 28 Januari 1991 Florida, akiwa na miaka 87. Miaka michache baadaye Illinois ilibadilisha sheria: wajumbe wa baraza hawachaguliwi tena na raia, wanateuliwa na gavana. Namba 77 hakuna mchezaji wa Illinois anayeivaa. Tangu 2009 sanamu yake imesimama nje ya Memorial Stadium, na mpira uko mkononi.