Langley na Mlango wa Dawa

Mzee avutaye tumbaku barazani hapa visiwani huenda hajui kwamba kilichomo katika moshi ule ndicho kilichomwongoza John Newport Langley kwenye siri ya namna dawa ifanyavyo kazi mwilini.

Alizaliwa Newbury, Uingereza, mwaka 1852. Mwaka 1871 aliingia chuo cha St John's, Cambridge, akasoma hesabu na historia kwa nia ya kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya India. Mwalimu wake Michael Foster akamvuta kwenye elimu ya viumbe. Serikali ile ilikosa ofisa mmoja, na hasara haikuwa kubwa.

Alianza na pilokapini, dawa ya majani ya Amerika ya Kusini, ambayo huleta mate mengi, atropini huyakausha. Mwaka 1878 aliandika kwamba yumkini zote mbili huungana na kitu kimoja kilichomo mwilini. Apimaye fedha za maabara kwa faida ya mwaka uleule asingempa hata shilingi.

Jibu zito lilikuja mwaka 1905, alipokwisha kuwa profesa. Kuku alipotiwa nikotini, misuli yake ilikazana. Langley akakata mishipa ya fahamu, akangoja hata ikafa. Nikotini ikaikaza misuli vilevile. Kumbe haikupitia katika mishipa hiyo. Akatia kurare, sumu ya mishale ya wenyeji wa Amerika ya Kusini, na nikotini ikashindwa nguvu. Lakini umeme ulipogusishwa msuli wenyewe, msuli ulikazana. Basi msuli ulikuwa mzima. Kilichozibwa ni kitu cha tatu, kilicho katika chembe ya msuli, kazi yake kupokea. Leo twakiita kipokezi.

Hakupata kukiona. Hata mwanafunzi wake Henry Dale, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1936, alikuwa na shaka. Langley alifariki mwaka 1925.

Miaka ya 1960 James Black alifuata njia hiyohiyo ya kuziba vipokezi, akapata propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu. Na katika miaka ya 1970 wataalamu, wakisaidiwa na sumu ya nyoka, walikitenga kipokezi cha nikotini chenyewe kutoka viungo vya umeme vya samaki, mmojawapo taa yule atoaye umeme, ambaye mvuvi amjuaye hamshiki kwa mkono mtupu.