Palwankar Baloo, Mchezaji wa Kriketi

Hapa Musoma, tukipewa kazi ya kufyeka uwanja, wengine wetu hununa. Baloo wa Bara Hindi alianzia hapo hapo. Mjini Poona klabu ya Wazungu ilimlipa rupia 4 kwa mwezi atunze uwanja, naye akawarushia mipira katika mazoezi mpaka akawa bingwa. Watu wa tabaka lake walihesabiwa najisi. Wahindu wa tabaka la juu walimtia katika timu yao, lakini chai alipewa nje, katika kikombe cha udongo. Aibu iliyoje! Mwaka 1911 huko Uingereza aliwatoa wapigaji 114. Hata hivyo hakuteuliwa kamwe kuwa nahodha. Mwaka 1923 aliteuliwa ndugu yake, Vithal. Baloo alifariki mwaka 1955.