Thompson, mubeba-posta wa theluji

Leo tunawaeleza maisha ya mutu mumoja ule alipitia ku mine kama sisi, akachimba zahabu bila kupata kitu, na kisha akajulikana katika Marekani juu ya mbao mbili za kutelezea. Kule wanamuita John Thompson. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jon Torsteinson Rue. Alizaliwa mwaka 1827 katika Tinn, jimbo la Telemark, inchi ya Norwe.

Telemark ni fasi ya milima na baridi kali. Wengi wetu tunajua theluji paka kwa picha ya televizyo. Haiko kama mvua ya mawe ile inapiga mabati yetu. Theluji mupya ni laini, inafanana na unga wa bukari wenye kumwangwa chini, na upepo unaipeperusha sawa unga. Ukikanyaga, muguu unazama mpaka ku magoti, pengine mpaka ku kiuno. Kutembea kilometre moja ni kazi ngumu sana. Njo maana wazee wa Norwe, tangu zamani sana, walijifunga mbao ndefu chini ya miguu, zile zinaitwa skii. Uzito wa mutu unagawanyika juu ya ubao wote, na theluji inamubeba. Watoto wa kule wanajua skii mbele ya kujua kusoma.

Jon alikuwa na miaka 10 wakati jamaa yake walivuka bahari kwenda Marekani. Walihama-hama huku na kule, wakilima. Kisha habari ikaenea kwamba zahabu imepatikana California. Vijana wote wakakimbia, na yeye vilevile. Mwaka 1851 akafika Placerville, akiongoza ngombe. Akachimba fasi ya kwanza, akachimba fasi ya pili. Tunajua ile habari: wachimbaji ni wengi, wenye kutajirika ni wa kuhesabu. Akaacha beleshi, akanunua shamba kidogo karibu na Sacramento.

Sasa, upande wa mashariki kuna milima mirefu yenye jina Sierra Nevada. Nyuma ya ile milima, katika bonde la Carson, waliishi watu wengine. Kila mwaka, theluji ikianza kuanguka, njia ilifungwa kwa miezi mingi. Hakuna barua, hakuna dawa, hakuna habari ya jamaa. Wanaume waliokuwa wanajaribu kupita na posta walirudi, ao walipata shida kubwa njiani. Mwaka 1855 posta ikatangaza katika gazeti kwamba inatafuta mutu wa kubeba barua. Thompson akasoma lile tangazo, na mbao za utoto wake zikamurudilia ku kichwa.

Alipasua muti wa mwaloni, akachonga skii mbili kwa mikono yake. Kila moja ilikuwa na urefu wa metre 3 hivi, na zote mbili zilipima karibu kilo 11. Fundi wa leo atacheka. Wale wanaopanda milima leo ku theluji laini wanatafuta vitu viwili pamoja: skii iwe pana, ipate kuelea, na iwe nyepesi, ipate kupandishwa. Wanatumia miti myepesi na nyuzi za kaboni. Chini ya muguu inafika upana wa centimetre 10 ao 11, na zote mbili zinakaribia kilo 3 tu. Chini wanabandika ngozi yenye manyoya, isiteleze kurudi nyuma wakati wa kupanda. Thompson hakukuwa na vile vitu. Lakini hesabu yake ilikuwa ileile: muti wa muzito unakubeba vizuri, na wewe pia unaubeba, kila hatua, mpaka juu. Baadaye yeye mwenyewe alichonga zingine nyepesi zaidi.

Mwezi wa kwanza 1856 akatoka Placerville. Watu wa pale, wengi wao wachimbaji, hawakuwa wamewahi kuona mutu anatembea hivi. Njia ilikuwa kilometre 145 hivi. Kwenda ilimuomba siku tatu. Kurudi, sababu ya mitelemuko, siku mbili. Ku mugongo alibeba kilo 27, pengine mpaka 45: barua, dawa, vyombo. Hata herufi za chuma na makaratasi ya gazeti la kwanza la Nevada, yeye njo anasemekana alizivusha. Watu wakamupa jina la Viatu-vya-Theluji, na lile jina likamushika mpaka kufa.

Tunapenda kuangalia ginsi alisafiri, sababu ni akili ya mutu wa kazi. Hakubeba blanketi, wala bunduki. Chakula chake kilikuwa nyama ya kukausha na biskuti ngumu, maji yalikuwa theluji. Usiku, theluji ikigandamana na kuwa ngumu, alitembea. Mchana jua likiilainisha, ilimushika miguu. Akitaka kupumzika, alitafuta kisiki cha muti wa kufa, akakiwasha moto, akalala juu ya matawi. Zoruba ikimukamata fasi haina kuni, alipanda juu ya jiwe lenye kuwa wazi na kucheza dansi, peke yake, mpaka asubui, damu isigande. Njia aliijua kwa nyota, kwa mawe na kwa miti.

Mwezi wa 12 wa ule mwaka, katika kibanda cha kule juu, alimukuta mutu mumoja, James Sisson, amelala siku 12, miguu yote miwili imegandamana na baridi. Thompson akamupasulia kuni, akamuwashia moto, kisha akashuka usiku mpaka Genoa kutafuta watu. Wale wanaume hawakujua skii, ilibidi wachongewe. Wakapanda naye, wakamuvuta mugonjwa juu ya mbao mpaka bondeni. Munganga akasema miguu lazima ikatwe, lakini dawa ya kulalisha mugonjwa hakuna. Thompson, hata mwili haujapumzika, akavuka milima tena mpaka California, akaleta ile dawa. Sisson akapona.

Mwaka 1859, wachimbaji wa zahabu wa Nevada walikuwa wanasumbuliwa na udongo fulani wa rangi ya bluu wenye kuziba vyombo vyao. Waliutupa. Wanaeleza kwamba Thompson njo alivusha kipande chake kwenda kupimwa California. Kumbe ilikuwa feza! Pale pakazaliwa mine kubwa ya Comstock, na watu wakawa matajiri wa kutisha. Yeye hakukuwa mumoja wao.

Hata wachimbaji wa Laporte, upande wa kaskazini, walikuwa na skii zao ndefu za mashindano. Mwaka 1869 Thompson alienda kushindana nao. Walimushinda vibaya: wao walipaka mafuta ya siri chini ya mbao na kushuka moja kwa moja sawa risasi, yeye hakupaka kitu. Ilimuuma. Akawaalika ku milima yake mwenyewe, kupanda, kuruka na kupita katikati ya miti. Hakuna mutu alikuja. Kwa maoni yetu walifanya vizuri kukaa nyumbani.

Sasa tufike ku mushahara. Karibu miaka 20 alibeba ile posta, na serikali ya Marekani haikumulipa. Aliahidiwa, akangojea, akaandika. Mwaka 1869 baraza la Nevada liliomba Washington imupatie dola 6.000. Kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 akaenda mwenyewe. Treni ikazuiwa na theluji katika Wyoming. Abiria wakakaa ndani, yeye akashuka na kuendelea kwa miguu. Washington walimupokea, wakamusifu, wakamuahidi tena. Akarudi mikono mitupu.

Alikuwa ameoa Agnes Singleton mwaka 1866, wakazaa mutoto mumoja, Arthur. Waliishi ku shamba lao la Diamond Valley. Mwezi wa tano 1876 aligonjwa siku chache tu. Wanasema, sababu hakuweza kutembea, alipanda mbegu akiwa juu ya farasi. Akafa tarehe 15, na miaka 49. Miaka miwili nyuma yake Arthur naye akafa, na miaka 11, akazikwa pembeni ya baba yake katika makaburi ya Genoa. Agnes aliweka jiwe pale. Juu yake kumechongwa skii mbili zenye kupishana.