Abu Zayd al-Balkhi, Tabibu wa Nyoyo

Barazani zinapotajwa sifa za matabibu wa Kiislamu, jina la kwanza ni Ibn Sina. Mimi leo namleta aliyemtangulia, ambaye kazi yake, kwa maoni yangu, yatufaa zaidi sisi watu wa pwani, tujuao sana kuzika na kuhani, lakini tanga likisha kuondolewa mfiwa twamwacha na kuta zake.

Abu Zayd Ahmad bin Sahl alizaliwa yapata mwaka 850 katika kijiji cha Shamistiyan, karibu na mji wa Balkh, ambao leo umo nchini Afghanistan. Babake alikuwa mwalimu wa watoto, na yeye pia alisomesha. Ujanani alikwenda Iraki kwa miguu pamoja na msafara wa mahujaji, akakaa huko miaka minane, akasoma kwa al-Kindi, yule mwanafalsafa mashuhuri. Aliporudi kwao alikuwa bahari ya elimu: dini, falsafa, nyota, uganga. Wanajiografia wamjua kwa ramani zake.

Ukubwa hakuutaka. Mtawala wa Balkh alimpa uwazira akaukataa, akaridhika na ukarani. Al-Maqdisi asimulia kwamba amiri aliyekuwa Bukhara alimwita, naye akafika ukingoni mwa mto Jayhun, akayaona mawimbi na upana wake, akasimama. Akamwandikia amiri kwamba, ikiwa ameitwa kwa ajili ya busara yake, basi akiuvuka mto ule hatakuwa na busara tena. Amiri akastaajabu, akamwamuru arejee. Nakipenda sana kisa hiki, maana aliyeyasema hayo ndiye aliyeandika mlango mzima juu ya hofu.

Mlango huo umo katika kitabu chake Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya pili, yenye milango minane, ni ya nafsi peke yake: ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Hoja yake ni kwamba mtu aweza kuishi siku nyingi bila ya maradhi ya mwili, lakini hakuna aepukaye ghadhabu wala majonzi. Vipi basi matabibu washughulikie mwili na kuiacha nafsi?

Huzuni aliigawa mara mbili. Iko yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa na mpenzi au kupotewa na mali. Iko nyingine humshika mtu na sababu haionekani. Hiyo aliihesabu kuwa yatokana na mwili, katika damu, na dawa yake ni ya mwili. Habari ya damu ni uganga wa zama zake, lakini mgawanyo wenyewe matabibu waliufuata karne nyingi baadaye. Na tazama, hakumwambia mgonjwa kuwa imani yake ni haba, wala hakumpigia ngoma ya pepo.

Mwenye huzuni ya kwanza alimtibu kwa njia mbili. Ya ndani ni fikira njema ambazo mtu huziweka akiba siku za raha, kama aiwekavyo dawa kabatini, apate kuzitoa siku ya msiba. Ya nje ni maneno ya mwingine, kwa kuwa aliyezama katika majonzi husikia la mwenziwe kuliko la nafsi yake. Naam, huko ndiko kuliwaza! Mwenye wasiwasi alimkataza upweke. Mwenye hofu alimtaka aizoeze nafsi yake kile inachokiogopa, kidogo kidogo.

Abu Zayd alifariki mwaka 934, Mola amrehemu. Kitabu chake kililala Istanbul katika hazina ya Ayasofya, hadi nakala ya maandishi yale ya mkono ikachapishwa Frankfurt mwaka 1984. Mwaka 2013 Profesa Malik Badri wa Sudan, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyefariki 2021, aliitoa kwa Kiingereza ile sehemu ya nafsi.