Broglio: Jenerali wa makombora aliyerusha ‘Uhuru’ kutoka bahari ya Kenya

Majuzi, katika shule ninayofundisha hapa Tororo, msichana mmoja wa darasa la saba aliuliza swali lililowachekesha wenzake. Alitaka kujua kwa nini setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa Novemba 2022 kutoka kisiwa cha Wallops kule Marekani. Je, hapakuwa na mahali karibu?

Darasa liliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikwisha kuona roketi ikipaa huku kwetu.

Wazazi wangu walivuka mpaka wa Busia enzi za Amin, nami nikazaliwa na kusomea Kenya. Baba alikuwa mwalimu Malindi. Usiku mmoja wa Machi 1988, nikiwa darasa la pili, alituamsha tukatoka uani. Upande wa kaskazini tuliona mwali ukipanda kutoka baharini hadi ukapotea kati ya nyota. Hatukujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa setilaiti ya mwisho kurushwa kutoka pwani ile.

Mtu aliyeuleta mwali huo Kenya ni marehemu Luigi Broglio, ambaye Waitaliano humwita baba wa safari zao za anga.

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911, Mestre, karibu na Venice, akakulia Roma. Alisomea uhandisi wa ujenzi katika chuo kikuu cha huko, akahitimu 1934. Alipitia kikosi cha mizinga kabla ya kuwa afisa mhandisi katika jeshi la wanahewa. Italia iliposalimu amri mwaka 1943 na Wajerumani kuiteka Roma, alijiunga na wale waliowapinga kwa siri.

Baada ya vita alivaa kofia mbili. Chuoni alikuwa profesa, na tangu 1952 akaongoza shule ya uhandisi wa ndege. Jeshini alipanda vyeo hadi akawa jenerali. Mwaka 1956 alisimamia kuanzishwa kwa uwanja wa kufanyia majaribio ya makombora, Salto di Quirra, katika kisiwa cha Sardinia.

Hapo ndipo maisha yake yalipochukua mkondo mwingine. Kombora linalobeba bomu linaweza vilevile kubeba vipimo vya kuchunguza hewa. Mwaka 1961 Broglio aliishawishi serikali yake kuanzisha mradi wa San Marco, na mwaka uliofuata Marekani ikakubali kuwapatia Waitaliano roketi aina ya Scout na kuwafunza kuzitumia.

Sasa zingatia jambo hili, msomaji. Angeweza kuwaachia Wamarekani kazi yote. Badala yake aliwapeleka vijana wake Wallops wakajifunze, na Desemba 15, 1964, Waitaliano wenyewe ndio walioirusha San Marco 1. Roketi ilikuwa ya Wamarekani, lakini mikono ilikuwa yao.

Ndani ya setilaiti hiyo mlikuwa na mizani aliyoibuni Broglio. Ganda la nje lilishikiliwa na mikono inayonesa kama springi. Hewa hafifu ya huko juu ilipolisukuma ganda, mikono ilinesa, na wataalamu wakajua uzito wa hewa hiyo. Mfanyabiashara wa Busia anayepima mahindi kwa mizani ya springi ataelewa upesi.

Lakini kwa nini Kenya? Abiria aliye juu ya lori linalokimbia akirusha chungwa mbele, chungwa hilo hupata kasi ya mkono wake pamoja na kasi ya lori. Dunia nayo huzunguka kuelekea mashariki, na kasi yake ni kubwa zaidi kwenye ikweta, takriban kilomita 1,670 kwa saa. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, iko karibu na ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu ambamo mabaki ya roketi huanguka bila kumdhuru mtu.

Broglio alileta majukwaa ya chuma, likiwemo Santa Rita lililokuwa la kuchimbia mafuta, akayasimamisha baharini. Aprili 26, 1967, San Marco 2 ilipaa kutoka hapo.

Fahari kubwa ilikuja Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Waitaliano waliirushia Marekani setilaiti ya kwanza iliyotengewa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Iligundua vyanzo zaidi ya 300 vya miale hiyo, na Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti huo akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Broglio hakuiona siku hiyo. Alifariki Roma, Januari 14, 2001. Kituo cha Ngomeni sasa kina jina lake.

Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni. Zilikuwa za Italia, Marekani na Uingereza. Hakuna hata moja iliyokuwa ya Kenya. Setilaiti ya kwanza ya Kenya ilifika angani 2018, baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kushirikiana na chuo kilekile alichofundisha Broglio.

Sisi wa mpakani tunaijua hesabu hii. Mwenye uwanja wa soko hupata ushuru, ila faida huenda kwa mwenye bidhaa. Na bidhaa ya Broglio ilikuwa ujuzi. Sisi tuliorejea kutoka ukimbizini hatukurudi na ng’ombe wala mashamba. Tulichovuka nacho, na ambacho hakuna askari wa forodha angeweza kukizuia, ni kile tulichosomea ugenini.

Msichana yule nilimjibu kwamba mahali pa karibu papo, kilichopungua ni watu wa kuparushia. Mamake huuza nyanya Busia, na amekwisha kuniambia kuwa mwakani atamtoa shule amsaidie sokoni. Jumamosi hii nitakwenda kwenye kibanda chake. Nitanunua nyanya, kisha nitamsimulia habari za mizani ya Jenerali Broglio.